Mfiwa Hachimbi Kaburi

Palikuwa na mtu mmoja, wapendwa, na jina lake msiniulize. Nikilitaja mtatoka hapa mkimsema yeye, na mimi leo sitaki mtoke mkimsema mtu. Inatosha mjue kwamba alikaa huko kwenye migomba, upande wa milimani, ambako watu bado wanazikwa nyumbani kwao, kati ya mgomba na mgomba. Hilo la kuzikwa nyumbani lishikeni vizuri, maana nitalihitaji mbele ya safari.

Mtu huyu alifanya kazi mjini miaka mingi, akastaafu, akarudi kwenye nyumba ya marehemu baba yake. Mama yake alikuwa hai bado, mkongwe, miguu imechoka, lakini masikio yake yalikuwa yanasikia hata panya akiwaza.

Mbele ya nyumba ile palikuwa na baraza la mbao. Baba alilijenga kwa sababu ardhi ya pale ni ya mteremko, na matope yake wakati wa masika hayana adabu. Alichimba mashimo, akamimina zege, akasimamisha nguzo, akatandika mbao juu yake na kuezeka bati. Kokoto hakuzibeba peke yake. Majirani walizipandisha kutoka mtoni, wanawake kwa vichwa, wanaume kwa mabega, na baraza lilipokwisha nani angewaambia kwamba si lao? Aliyetoka shamba alipumzika pale. Aliyetoka sokoni alitua mzigo pale. Mvua ikikukuta njiani unakimbilia pale. Na yule mama alikuwa akikaa hapo tangu chai ya asubuhi, kikombe kinatoka mkono huu kinaingia mkono ule, na hakuna mtoto aliyezaliwa kijijini asipakatwe naye.

Mwanawe aliporudi kutoka mjini akaona nini? Akaona matope. Akaona watu wanaingia kwake bila hodi, wanacheka kwa sauti, wanatema makapi ya miwa mbele ya mlango wake. Mbao nazo, tuseme ukweli, zilikuwa zimeanza kuoza. Mwingine angebadilisha mbao. Yeye aling'oa baraza zima. Mbao zikawa kuni, bati likaenda kuezeka banda la ng'ombe. Kisha akajenga ukuta wa tofali na kutundika geti la chuma, jeusi, zito, ambalo likifunguliwa linalia kama mbuzi aliyeshikwa mguu.

Siku anang'oa zile mbao, mama alikuwa amekaa mlangoni akitazama.

"Mwanangu," akamwuliza, "watu wangu sasa watakaa wapi?"

"Mama, watu wako wana nyumba zao."

Mama akaomba ashikwe mkono, akarudishwa ndani, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha dogo.

Watu hawakukatazwa kuja. Hapo nataka mnisikilize. Geti lile mchana halikuwa na kufuli. Lakini geti ni geti, mtu akiliona anajua ameambiwa nini. Wakaanza kupita mbali, wakisema, "Amerudi na mji wake." Naye hakuwafuata. Kukitokea msiba, alituma rambirambi kwa simu. Jirani yake wa karibu kabisa, mzee mmoja aliyechimba mashimo ya baraza pamoja na baba yake, alifiwa na mkewe. Bwana huyu akatuma rambirambi kwa simu, akaandika "poleni sana", akarudi kuangalia taarifa ya habari. Simu yake ilikwenda misibani zaidi kuliko miguu yake.

Mnacheka. Haya, chekeni sasa.

Baraza lilikuwa limeondoka, lakini miguu yake ilibaki. Vile visiki vya zege ambavyo nguzo zilisimama juu yake vilibaki vimechomoza uani, safu mbili, kila kimoja na kipande cha nondo kilichopinda. Mke wa yule bwana alijikwaa akang'oka ukucha. Na kila mgeni wa mjini akishuka kwenye gari aliuliza, "Hivi ni nini?" Naye alijibu, "Aa, hapo palikuwa na banda la kuku la zamani."

Banda la kuku! Baraza la baba yake! Na mama yuko dirishani anasikia. Kwa nini alidanganya? Kwa sababu akisema lilikuwa baraza, swali linalofuata ni "liko wapi?", na linalofuata hilo ni "nani alilivunja?" Aibu ina akili, wapendwa. Huyaona maswali yakiwa bado yako njiani. Mtu huyu hakuwa amelala vizuri na jambo lile tangu mwanzo, ila hakutaka kulipa jina.

Basi binti yake akapata mchumba. Wakwe wakatuma habari kwamba Jumamosi watakuja kujitambulisha. Bwana akasimama uani kwake, akavitazama vile visiki, akajisemea kwamba wakwe hawatavikuta. Atavitoa, atasawazisha, atapanda maua.

Sasa, kisiki cha zege hakitolewi na jembe. Kinataka mtaimbo wa maana, na pale kijijini mtaimbo wa maana ulikuwa mmoja, wa yule mzee jirani, ndio uleule uliochimba mashimo ya baraza. Mikono ya kusaidia nayo ilikuwa tele nje ya geti. Lakini niambieni, utamwendea mtu kwa uso gani kumwomba mtaimbo, ilhali alipokuwa analia hukumwendea? Bwana yule alifika mpaka getini, akashika komeo, akasimama hapo kitambo. Kisha akarudi. Akaenda mjini akanunua sururu na mtaimbo mpya, mwembamba, akaanza kazi mwenyewe.

Cha kwanza alidhani kitang'oka kama mhogo. Akakizungushia shimo, akasukuma, hakikutikisika. Akakipiga nyundo, vipande vikamrukia usoni. Akachimba zaidi, na huko chini ndipo alipokutana na baba yake. Marehemu alikuwa fundi. Alijua mteremko unavuta, kwa hiyo kule chini alitanua shimo, zege likakaa na kitako kipana kuliko kichwa chake. Kitu cha namna hiyo hukivuti kwenda juu, labda uing'oe na dunia. Njia ni moja tu: uchimbe upande mmoja mtaro mrefu wenye kupanda taratibu, ukilaze kisiki chali, ukiburute kidogokidogo mpaka juu. Ndivyo alivyofanya. Ilimchukua kutwa nzima, mgongo ukamwisha, lakini kilitoka, akakiacha kimelala uani.

Kesho yake akaanza cha pili, kilichokuwa karibu na migomba. Hicho kilizama zaidi. Akachimba mtaro mrefu kuliko wa jana, akashuka humo mpaka kifuani, udongo mwekundu akaurundika huku na huku.

Mama alisikia sururu. Akamwita dirishani.

"Unachimba nini hapo nje?"

"Natoa yale mazege ya baba, mama. Wakwe wanakuja."

"Na siku ya kunizika mimi, watu watakaa wapi?"

"Mama, acha habari za kufa. Siku hizi kuna maturubai ya kukodi, na viti vyake."

"Turubai nimeuliza?" mama akasema. "Nimeuliza watu."

Bwana akarudi shimoni, akapiga sururu kwa nguvu zaidi ili asilisikie tena neno lile.

Asubuhi hiyo jua lilikuwa limetoka baada ya mvua nyingi. Mkewe, kwa nia njema kabisa, akalitoa godoro la mama akaliegemeza ukutani lipate jua, akafua shuka zake akazianika.

Sasa nipangieni picha hiyo. Godoro la mama mzee liko nje. Shuka zake zimefuliwa. Kuna shimo refu, jembamba, la kuzama mtu kifuani, udongo mbichi umerundikwa kando ya mgomba, katika nchi ambayo watu wanazikwa nyumbani. Na huyo mama mwenyewe hajaonekana na jirani yeyote tangu ukuta uliposimama. Mmeona ninakokwenda?

Mama mmoja wa jirani alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akasikia sururu, akachungulia kwenye upenyo wa geti. Akaliona godoro. Akaona shuka. Akaona kile kilima cha udongo, na kichwa cha bwana kimejitokeza shimoni, peke yake, anajifuta uso kwa kitambaa. Lilikuwa jasho, lakini yeye aliona machozi.

"Mungu wangu," akasema, "mama amekufa. Anamzika kimyakimya, kama paka!"

Akautupa mzigo palepale, akajifunga kanga kiunoni, akashuka na njia akilia kwa sauti kubwa, na kila mlango aliopita ukafunguka.

Niwaulize: wale watu walikuwa na sababu ya kubaki majumbani mwao? Walikuwa nazo, tena nzuri. Wangeweza kusema, "Si ana simu? Tumtumie rambirambi." Hawakusema. Mmoja alisema tu, "Tumemkosea nini mpaka atunyime hata kumzika mama?" na huku anauliza tayari ameshachukua jembe. Wanawake wakabeba kuni. Mwingine akakata mkungu wa ndizi uliokuwa unangojea soko. Mwingine akabeba maharage kwenye ungo, mwingine sufuria kubwa la kanisa. Na yule mzee aliyefiwa na mkewe akaingia ndani, akatoka na mtaimbo wake begani.

Najua mnachosema mioyoni mwenu. Mnasema, hao ndio watu. Nami nasema, subirini.

Mzee akaweka kiganja kwenye geti, akasukuma. Likalia kile kilio chake, likafunguka. Watu wakaingia uani wakiwa wanaimba wimbo wa maziko, wengine hawawezi kuimba kwa kulia. Wakamkuta bwana shimoni, amekikumbatia kisiki kwa mikono yote miwili anajaribu kukilaza, uso umejaa vumbi jekundu. Alipoinua macho akaona majembe, kuni, ndizi, wanawake wameshika vichwa. Hakuelewa. Kisha macho yake yakaangukia godoro la mama yake pale ukutani, akaelewa yote kwa mara moja.

Mzee akavua kofia. Akachuchumaa ukingoni mwa shimo.

"Toka humo, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Mfiwa hachimbi kaburi. Kama kwa mengine ulituona hatufai, basi. Kwa hili tuachie sisi."

Akamshika mkono akamvuta juu. Akateremka yeye mwenyewe, na umri wake ule, na vijana wawili nyuma yake.

Bwana akabaki amesimama juu ya udongo, mikono mitupu. Watu wakawa wanakuja mmoja mmoja wanamshika mkono huo wenye vumbi. "Pole, baba." "Pole sana, kaka." "Mungu akutie nguvu." Akaitikia. Mnasikia? Aliitikia! Alisema "asante" kwa pole ya msiba ambao haupo, kwa sababu ulimi wake haukupata pa kuanzia. Mbele yake alimwona yule mzee anachimba, jasho linamtoka, na alijua kwamba kaburi la mke wa mzee huyo hata hajui liko upande gani wa nyumba. Aibu ikampanda tangu miguuni. Na hapo, wapendwa, likampitia wazo ambalo naona vibaya hata kulisema, lakini nitalisema kwa sababu na sisi huwa linatupitia: kwa kitambo kidogo alitamani msiba ule uwe wa kweli. Mama yake! Alitamani awe amekufa kweli, ili yeye asilazimike kueleza.

Alipoliona wazo hilo lilivyo, akasogea ukingoni mwa shimo.

Chini mtaimbo wa mzee ukagonga kitu kigumu. "Humu kuna jiwe," mzee akasema.

"Si jiwe, mzee." Sauti ya bwana ilitoka kama si yake. "Ni zege la baba. Ni mguu wa baraza. Mama hajafa. Hakuna msiba. Nilikuwa natoa visiki kwa ajili ya wageni."

Kilio kikakatika. Mama mmoja alikuwa bado na mzigo wa kuni kichwani, zikamponyoka zikamwagika chini. Hakuna aliyecheka. Mzee akatazama juu kutoka shimoni, akamtazama bwana, akaitazama ile sururu mpya na ule mtaimbo mwembamba ulioegemezwa kwenye mgomba, ambao ulikuwa umeshapinda. Bwana angependa atukanwe. Angepona kidogo kama angetukanwa.

Ndipo ikasikika sauti kutoka ndani.

"Nani hao wanaotaja jina langu?"

Mama akatoka, ameshikwa mkono na mke wa mwanawe. Akasimama mlangoni, jua linamchoma macho. Akaziona kuni, akaona ndizi, akaliona sufuria la kanisa. Akaona majembe. Akaona shimo, na mzee mwenzake yumo ndani yake. Hakuhitaji kuelezwa, maana misiba ya kijiji kile aliipika kabla wengi wao hawajazaliwa.

"Kumbe huu ni msiba wangu," akasema.

Nani angemjibu? Wewe ungejibu nini?

Akatembea polepole mpaka kwenye kile kisiki cha kwanza kilicholala uani, akajikalisha juu yake, akaweka fimbo yake kando. Akaanza kuwasalimu, kila mtu kwa jina lake, na jina la mama yake, na ugonjwa aliougua utotoni. Wakaja wakapiga magoti mbele yake, naye akawa anawapapasa nyuso. Alikuwa anafurahi kweli, machozi yanamtoka. "Mungu ni mwema," akasema. "Nilidhani siku mtakayokuja sitawaona."

Watu wakaanza kutabasamu. Wengine wakaanza hata kumtupia bwana macho, yale macho mnayoyajua, ya kusema: umeona sisi tulivyo?

Mama akainua fimbo, akaigusa ile mizigo ya kuni.

"Kuni hizi," akauliza, "jana zilikuwepo nyumbani kwenu?"

"Zilikuwepo, mama."

"Na huu mkungu? Wiki iliyopita haukuwepo shambani?"

"Ulikuwepo, mama."

"Na njia ya kuja kwangu mlikuwa mmeisahau?"

"Hapana, mama. Tunaijua."

"Sasa mlikuwa mnangoja nini?" mama akauliza. "Nife?"

Yule mzee akajaribu. Alikuwa ametoka shimoni, kofia iko mkononi. "Mama, usituone vibaya. Ni geti lile. Hatukukaribishwa."

"Geti umelisukuma leo kwa kiganja kimoja," mama akasema. "Nimelisikia. Kwa hiyo nikiwa maiti linafunguka. Nikiwa hai, nikiwa dirishani nawasikia mnapita, nawatambua mmoja mmoja kwa nyayo, hapo halifunguki."

Watu waliokuja na vichwa vimeinuka wakawa wanatazama vidole vya miguu yao. Mzee akaigeuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena, kama mtu anayetafuta mahali pa kuishikia.

Na bwana? Bwana alihisi mzigo unashuka mabegani. Kumbe si mimi peke yangu, akawaza. Akavuta pumzi. Akainua kichwa.

"Wewe usiinue kichwa," mama akasema, hata bila kugeuka. "Ukuta nani aliujenga?"

Akakiinamisha tena. Na aibu hiyo ya pili ilimwuma kuliko ya kwanza, kwa sababu alikuwa amekamatwa anafurahia aibu ya wenzake.

Hawakurudi na chakula kile. Nani arudi na ndizi za matanga nyumbani? Waliwasha moto palepale uani wakapika, wakala, na marehemu akala nao, tena akaomba aongezewe. Lakini nisiwadanganye kwamba ilikuwa karamu. Walikula kimyakimya, kila mtu anatazama sahani yake, na waliporudi majumbani hawakuongea sana njiani.

Jumamosi wakwe wakafika. Wakakuta ua umechimbuka, kisiki kimoja kimelala, kingine kimeinama nusu shimoni, vingine vimesimama na nondo zao. Mbao mbili tatu zilikuwa zimetandikwa juu ya vile vilivyosimama, hazijapigwa hata msumari, na juu yake alikaa mama mzee, na yule mzee jirani, na mama wa majani ya ng'ombe, wanakunywa chai. Mkwe mkubwa akashuka kwenye gari, akatazama, akauliza lile swali.

"Hivi ni nini?"

Mke wa bwana akafumba macho. Mama akaacha kunywa chai.

"Baba yangu alikalisha watu hapa," bwana akajibu. "Mimi nikawainua. Karibuni, kaeni."

Mfano wangu umeishia hapo. Ndoa ilifungwa au haikufungwa, si kazi yenu.

Sasa, ndugu zangu, nilipokuwa nasimulia mlikuwa mmekaa upande wa nani? Msinifiche, niliwaona nyuso zenu. Hakuna hata mmoja aliyekaa shimoni na yule bwana. Wote mlikuwa njiani na wale wenye kuni. Mliubeba na ule mkungu. Nami niliwaacha muubebe, kwa sababu ni kweli: sisi ndio wenye kuni. Katika kijiji chetu hiki kilio kikisikika, maji ya chai hayajachemka turubai limeshasimama. Kamati imekaa, ina mwenyekiti na mhazini, kuna wa maji na wa kuni na wa kwenda kupokea wageni. Tukizika tunazika! Hata majirani zetu wa kijiji cha pili wanatusifu kwa hilo.

Lakini mtu huyohuyo alipokuwa anakohoa dirishani, kamati yake ilikaa lini? Mwenyekiti wake alikuwa nani?

Tutasema, hakutualika. Tutasema, mwanawe ana maringo. Tutasema, siku ile ya kwangu yeye hakuja. Nawajua, na mimi ni mtu wa hapahapa. Maneno hayo tunayaona madogo, yamechomoza inchi mbili tu juu ya ardhi, tunayapandia maua na kupita pembeni. Jaribuni kuyang'oa. Jaribuni leo kumwendea yule ambaye hamjasemeshana tangu mavuno ya mwaka juzi, mtaona kile kitako kilivyotanuka huko chini. Si kazi ya mtu mmoja na mtaimbo wa dukani. Yule bwana alishindwa kwa sababu alitaka kuing'oa aibu yake bila mtu kumwona.

Na aibu yenyewe msiikimbie. Mimi sikuja hapa leo kuwaondolea aibu. Mkitoka mnaona haya kidogo, nendeni nayo hivyohivyo, itawafikisha mahali. Ile inayojificha nyuma ya geti ndiyo mbaya.

Tazameni pale, benchi la pembeni, karibu na dirisha lenye kioo kilichopasuka. Msigeuke wote kwa pamoja. Mnajua nani alikuwa anakaa pale, na sauti yake ya pili ilivyokuwa inatubeba sisi wote tunaoimba ovyo. Tangu lini hayupo? Mnaona, tunatazamana. Hajafa, ndugu zangu. Angekuwa amekufa, tungelijua saa aliyokufa, na aliyekuwepo, na neno lake la mwisho.

Kuni tunazo. Ndizi ziko shambani. Njia tunaijua. Tukitoka hapa tusigawanyike kila mtu kwake, twendeni tukalisukume lile geti leo, angali anaweza kutuuliza tulikuwa wapi. Tusingoje kusikia sururu.